Kiatu cha Kulia na Pedali ya Mwangwi

Kwa wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya milisekunde mia tatu. Ndiyo, najua. Watu wa rika langu hukosa usingizi kwa sababu ya watoto, ya kesi za mashamba, ya mapenzi yaliyovunjika. Mimi nilikuwa nimelala chali nikijiuliza kama muda usiofika hata theluthi ya sekunde ungetosha kulifanya gita moja lisikike kama magita mawili kanisani kwetu Makongeni.

Tulikuwa na magita mawili. Kwa miaka minne mimi nilipiga la juu na mwenzangu akapiga la pili, lile ambalo hakuna mtu hulitaja lakini likinyamaza kila mtu hugeuza shingo. Nikidondoa noti mbili, yeye alizijibu katika nafasi niliyoiacha. Kisha mwenzangu akapata kazi ya hoteli Ghuba, tukamwombea, tukampiga picha akiwa na sanduku, akaenda. Jumapili iliyofuata niliacha nafasi zangu kama kawaida na hakuna aliyezijibu.

Mwalimu wa kwaya ni karani mstaafu wa reli. Hapandishi sauti kamwe, na hilo ndilo linalotisha. Alinisubiri baada ya ibada akikunja karatasi zake za nyimbo.

“Mwanangu, gita limekuwa jembamba,” akasema. “Limekuwa kama shati lililofuliwa mara nyingi mno. Ukilitazama unaona upande wa pili.”

“Nitafanya mazoezi zaidi, Mwalimu.”

“Si mazoezi. Wewe ni mmoja, basi.” Akatazama kinanda kipya kilichofunikwa kitambaa cheupe kando ya mimbari. Kilikuwa kimetolewa na mfadhili, na kilijua kupiga ngoma, besi na filimbi bila kuombwa. “Tungoje mpaka sikukuu ya mavuno. Kama bado liko hivi, tutakiacha kinanda kifanye kazi. Wewe utapumzika kidogo.”

Kupumzika! Nilikuwa nimepumzika tangu siku niliyovua joho la mahafali. Nina shahada ya takwimu, na kwa miaka miwili kazi yangu kubwa ilikuwa kutuma barua za maombi na kusubiri. Watu wa mtaani walikuwa wameacha kuniuliza nimefikia wapi, wakaanza kumuuliza mama, na mama akaanza kupitia njia ya nyuma kwenda dukani. Kanisani peke yake ndipo palipokuwa na watu ambao nikichelewa dakika tano wangeulizana niko wapi. Nikinyang’anywa gita, nisingekuwa na mahali popote pa kuchelewa kufika.

Nilipata wazo kwenye simu, katika zile video za vijana wanaopiga gita ndani ya vyumba vyenye mazulia mazuri na taa za rangi. Kuna pedali, kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gita na amplifaya. Unapiga noti, kinaishika, kinaisubirisha kidogo, kisha kinairudisha. Mwangwi. Ukiupanga muda wake sawasawa, noti inarudi katika ile nafasi uliyoiacha. Nilikaa kitako. Huyo hapo gita la pili, na hahitaji pasipoti.

Mtu mwingine angeenda kununua. Mimi nilitengeneza jedwali.

Kuna pedali za kidijitali na kuna za analogi. Ya kidijitali huipiga sauti picha na kuirudisha ikiwa safi kama ilivyokuwa. Ya analogi huipitisha sauti katika msururu mrefu wa vyumba vidogo vidogo, kila kimoja kikimpokeza mwenzake, kama mafundi wanavyorushiana matofali kutoka kwenye lori hadi ghorofani. Kila mkono hubakiza vumbi kidogo la tofali, na mwisho wa safari tofali limechubuka. Kwa hiyo mwangwi wa analogi hurudi ukiwa na giza kidogo, laini, umejificha nyuma ya noti mpya. Waimbaji hawasumbuliwi nao. Hilo lilikuwa zuri. Lakini zile za bei ya chini muda wake huishia milisekunde mia tatu, na nyingi hazina kile kitufe cha kugonga kwa mguu ili kuufundisha mwangwi mwendo wa wimbo. Ya kidijitali ilikuwa nacho. Ilikuwa pia na aina kumi na moja za mwangwi, na kioo, na kurasa za maagizo, na nilijijua. Ukinipa aina kumi na moja za kitu chochote, mavuno yatapita, Krismasi itapita, nami bado nalinganisha ya nne na ya saba.

Jedwali lilifika safu ishirini na tatu. Dada yangu alilitazama akaniuliza kama nanunua nyumba.

Hatimaye nilipanda ngazi hadi kwenye duka moja la vyombo vilivyotumika, katikati ya jiji, ambako mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliniacha nijaribu pedali ile ile mara tano. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijani iliyobanduka, na vitufe vitatu tu vya kuzungusha. Kimoja cha muda, kimoja cha idadi ya marudio, kimoja cha kiasi cha mwangwi.

“Hii ya analogi inakwaruza kidogo kwa nyuma,” nikasema.

“Hata mimi nakwaruza kwa nyuma. Nimefika sabini.”

“Na kama mwangwi wake ni mfupi sana kwa nyimbo zetu?”

“Nyimbo zenu ni za mwendo gani?”

“Inategemea.”

“Kijana,” akasema akivua miwani, “unanunua sauti ama unanunua wasiwasi? Maana wasiwasi naona tayari unao wa kutosha.”

Nikainunua, kwa pesa ya kibarua cha siku chache cha kuingiza data, niliyokuwa nimeiweka ya viatu vya usaili. Niliichagua kwa sababu ya vile vitufe vitatu. Nilijiambia kwamba hata mimi siwezi kujitesa kwa vitufe vitatu, na hapo nilijidanganya.

Nyumbani vita vya kwanza vilikuwa vya umeme. Pedali inataka volti tisa, na ncha ya waya wake lazima iwe hasi katikati. Mama aliniona nikigeuza kila chaja ya nyumba chini juu nikisoma maandishi madogo.

“Si uchukue ya king’amuzi? Tundu ni lile lile.”

“Mama, ya king’amuzi ni chanya katikati. Na ni volti kumi na mbili. Itaiunguza.”

“Mbona haijaunguza king’amuzi?”

Nilimweleza kwa dakika kumi. Alisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, “Taarifa ya habari imeanza, naomba urudishe chaja ya watu.” Nikanunua betri.

Halafu nikapima. Niliketi katika mazoezi ya Alhamisi bila kupiga chochote, nikihesabu mapigo ya kila wimbo kwa programu ya simu, nikaandika. Wimbo wetu mkuu wa mavuno, ule wa kutoa shukrani wakati watu wanaleta mahindi, kuku na maboga mbele, ulianza kwa mapigo mia moja kwa dakika. Mapigo mia moja maana yake nusu ya pigo ni milisekunde mia tatu kamili. Pedali yangu iliishia mia tatu kamili! Nilichukua hilo kama ishara. Nikakizungusha kitufe cha muda mpaka mwisho upande wa kulia, nikakichorea alama kwa kalamu nyeupe, nikafanya mazoezi chumbani na simu ikigonga tik, tik, tik. Yale majibizano ya gita la juu na gita la pili yakarudi, yote mawili kutoka mikononi mwangu. Dada yangu aliacha kuosha vyombo akaja mlangoni. “Amerudi?” akauliza. Alimaanisha mwenzangu.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika. Tulianza wimbo wa mavuno. Ubeti wa kwanza, mwalimu wa kwaya, ambaye huongoza akiwa amefumba macho, aliyafumbua. Ubeti wa pili akatabasamu. Ubeti wa tatu akina mama wa mstari wa mbele wakaanza kutikisa kayamba, na mpiga ngoma wetu akainua mabega, nami nikajua nimeangamia.

Kwa maana katika hesabu zangu zote nilikuwa nimepima mwanzo wa wimbo tu. Shahada ya takwimu, safu ishirini na tatu, na mtu mzima nimelelewa katika kanisa hili hili nikijua kwamba hakuna wimbo wetu unaomalizika kwa mwendo ulioanza nao. Lazima upande. Wageni wa mavuno wanapoanza kuja mbele na mafungu yao, wimbo huwafuata, na wakicheza unawakimbiza, na mtu akileta mbuzi unakwenda mbio kabisa. Hakuna aliyewahi kuliamua jambo hilo.

Mwangwi wangu ulibaki pale pale kwenye mia tatu. Kwaya ikasonga, mwangwi ukabaki nyuma, ukaanza kuangukia juu ya noti zangu, kisha juu ya mapigo ya ngoma, mpaka ikawa kama watu wawili wanaojaribu kupita katika mlango mmoja wakiwa wamebeba godoro. Mwalimu akashusha mikono.

“Msomi,” mpiga ngoma akasema, “hiyo kitu yako imekunywa nini?”

Mchana yeye huendesha lori la kokoto, na ngoma huziendesha vivyo hivyo.

“Haijakunywa kitu. Wewe ndiye unayekimbia!”

“Mimi? Mimi sikimbii. Wimbo ndio unakimbia, mimi niko tu nyuma yake na gari.”

“Unaweza kushika mwendo mmoja? Mia moja. Nitakuwekea simu sikioni ikugongee.”

Akina mama walicheka hadi kayamba zikacheka nazo. “Tucheze mavuno kwa simu!” mmoja akasema. “Mama wa watu analeta mbuzi, unamwambia ngoja, simu haijaruhusu!”

Mwalimu wa kwaya hakucheka. “Mwanangu,” akasema taratibu, “mwangwi wako unabishana na wewe mwenyewe.” Akatazama kile kitambaa cheupe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nilijaribu kila kitu. Nilijaribu kuinama na kukizungusha kitufe kwa mkono wimbo unapopanda, lakini mkono ukienda sakafuni hakuna anayepiga gita. Nilijaribu kukizungusha kwa haraka kati ya mistari miwili, na hapo nikagundua tabia nyingine ya analogi ambayo katika jedwali niliiandika kama sifa. Ukiubadilisha muda wakati noti bado zimo ndani, sauti yake inapanda, na ukizungusha kwa pupa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tenor alipoteza mstari wake. Nilijaribu kuweka mwangwi mfupi sana ambao haujali mwendo wowote, na gita likawa jembamba tena, jembamba ndani ya pipa. Nilifikiria kurudi kwa yule mzee nikabadilishe na ile yenye kioo. Nikafungua jedwali upya. Nikalifunga. Nikalifungua. Nilikuwa nimechoka na wimbo, na mpiga ngoma, na mafundi wote wa kurushiana matofali, lakini zaidi ya yote nilikuwa nimechoka na mimi.

Alhamisi ya wiki mbili kabla ya sikukuu mvua ilinyesha. Umoja wa akina mama ulikuwa umeosha zulia la madhabahu mchana, na wakiosha zulia sheria yao inajulikana. Hakuna kiatu kitakachopita mlangoni, kiwe cha mchungaji, kiwe cha askofu. Viatu vyote vilipangwa barazani na matope yake. Nilisimama mahali pangu na soksi zilizolowa, nikazivua nazo.

Wimbo ulipoanza kupanda nilisogeza mguu nikanyage swichi niuzime mwangwi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Kidole gumba kikagusa kitufe cha muda. Kikakisukuma kidogo upande wa kushoto. Mwangwi ukasogea kidogo, ukapanda kidogo, bila kulia. Nikasukuma tena. Ukamkaribia mpiga ngoma. Kisigino changu kilikuwa kimetulia zuliani na mikono yote miwili iko kwenye nyuzi. Kwa mistari minne tulikuwa pamoja, kisha kidole kikateleza na mambo yakaharibika, lakini mistari minne ilikuwa imepita na kila mtu aliisikia.

“Ee!” mpiga ngoma akaita. “Ilikuwa imepanda gari!”

Kesho yake nilichukua kifuniko cha chupa ya maji, kile chenye mifereji pembeni, nikakibandika juu ya kitufe kwa gundi ili kidole kipate pa kushika. Nilifanya mazoezi chumbani mguu mtupu. Siri ilikuwa kusukuma mwishoni mwa mstari, waimbaji wanapovuta pumzi, na kusukuma kidogo kuliko unavyotaka. Alhamisi ya mwisho mvua haikunyesha, lakini nilivua kiatu cha kulia nyuma ya spika, mahali pa giza, na wimbo ukaenda hadi mwisho. Mwalimu alifumba macho tangu mwanzo hata mwisho. Aliponipita alisema tu, “Jumapili vivyo hivyo.”

Jumapili. Hapo ndipo akili yangu iliponiketisha upya. Jumapili ya mavuno kwaya husimama mbele kabisa, kwenye ngazi ya madhabahu, sare nyeupe na nyeusi, viatu vimepigwa rangi. Mchungaji hukagua. Askofu angekuwepo. Mama angekuwa safu ya pili na wenzake wa umoja wa akina mama, wale wale wanaomuuliza nimefikia wapi. Nami nisimame mbele yao na mguu mmoja mtupu kama mtu aliyetoroka wodini.

Nilijaribu na kiatu. Soli ilikifunika kifuniko, kitufe na nusu ya pedali. Nilijaribu na soksi peke yake, ikateleza. Niliwaza kukata ncha ya kiatu cha zamani, nikachora mstari, nikaona aibu ya kiatu kilichotobolewa ni kubwa kuliko ya mguu. Jumamosi jioni nikaamua kumuuliza mama.

“Uvue kiatu mbele ya askofu?”

“Kimoja tu, Mama.”

“Kimoja ndiyo mbaya zaidi! Ukivua viwili watasema kijana ameguswa na roho. Ukivua kimoja watasema nini?”

Akapiga pasi shati langu, kola na mikono yote miwili, kisha akauliza, “Hiyo miguu umeikata kucha?”

Asubuhi nilifika na viatu vyote viwili vinang’aa, bado sijaamua. Nilikuwa na mpango wa kwanza, ambao ni kuuzima mwangwi wimbo ukipanda na kumwachia Mungu. Mpango wa pili ulikuwa mguu. Niliipima yote miwili wakati wa somo la kwanza, la pili na mahubiri, na kila nilipomaliza kuipima nilianza upya. Kisha mwalimu wa kwaya akainuka. Kabla ya kutugeukia alifika kwenye kinanda, akakivua kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne, akawasha kinanda. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Hakunitazama. Akaja akasimama mbele yetu, akafumba macho.

Tukaanza. Mia moja kamili, mwangwi kwenye alama yangu nyeupe, magita mawili. Watu wakaanza kuja na mahindi. Ubeti wa pili, maboga. Mzee mmoja akaleta jogoo aliyefungwa miguu, akina mama wakapiga vigelegele, na kayamba zikaanza. Nikamwona mpiga ngoma akinitazama, nikaona mabega yake yakipanda, na mwangwi wangu ukagusa ukingo wa pigo lake, bado kidogo tu uanze kubishana.

Nikakanyaga kisigino cha kiatu cha kulia kwa ncha ya kushoto. Nilikuwa nimelegeza kamba asubuhi, nyumbani, nikijiambia ni kwa sababu kiatu kinabana. Nikavuta mguu, kiatu kikabiringika ngazi moja na kutua karibu na boga la mtu. Soksi sikuwa nimevaa. Katika safu ya pili mama alishusha macho akatazama mguu wangu mtupu, kisha akayainua na kuendelea kupiga makofi, mapigo yake yakiwa mbele kidogo ya ngoma.

Mwisho wa mstari, kwaya ikavuta pumzi. Nikakiweka kidole gumba juu ya kifuniko cha chupa, nikasukuma kushoto.